Kidonge cha Kitanda cha Nne

Asikiaye la mkuu ndiye huvunjika guu. Najua waliotulea walituambia kinyume chake, na walikuwa na nia njema, lakini hawakuwahi kufanya kazi katika nyumba ya wazee pale Ikolo. Sista Tulinagwe alilisikia la mkuu, akalitii neno kwa neno, na saa mbili na robo asubuhi alikuwa amelala chali sakafuni, kifundo cha mguu wake wa kulia kimegeukia Malawi. Mimi niliyekaidi nina miguu yote miwili, na visigino vyake.

Nyumba yetu ilifunguliwa miaka ile serikali ilipoanza kuruhusu kila mtu ajaribu kila kitu. Waliokuwa wakiuza sabuni kwa kunong'ona wakafungua maduka yenye vioo. Wafanyabiashara wa Kyela mjini na wazee wa kanisa wakaungana, wakajenga vyumba viwili virefu vya matofali, kimoja cha wanaume na kimoja cha wanawake, wakaunda kamati. Mwenyekiti akawa Mzee Salehe, mwenye duka karibu na stendi, ambaye babu yake alikuja kutoka Kilwa na yeye mwenyewe bado anawacheka watu wa huku kwa kula ndizi mara tatu kwa siku. Katibu akawa Mzee Yakobo, mkulima wa kakao na mzee wa kanisa, kwa sababu ndiye aliyekuwa na mashine ya kuchapa. Mtu akiwa na mashine ya kuchapa lazima aandike sheria. Aliandika kumi na moja, zikabandikwa ukutani. Ya saba ilisema: "Dawa itatolewa kwa mkono wa muuguzi aliyesajiliwa, si mwingine."

Muuguzi aliyesajiliwa alikuwa mmoja tu, Sista Tulinagwe. Mimi, Felista na Doreen tulikuwa wauguzi wasaidizi. Tulisoma mwaka mzima hospitalini, tukafanya mtihani, tukapewa vyeti vyenye muhuri. Tulifundishwa dozi. Tulifundishwa kulisoma jina la mgonjwa mara tatu kabla kidonge hakijafika mdomoni. Lakini pale Ikolo tuliruhusiwa kuosha, kugeuza, kulisha, kukata kucha na kumwaga mikojo. Kijiko cha uji niliweza kukifikisha kinywani mwa mzee. Kidonge, hapana. Kidonge kikianguka sakafuni ilinibidi nisimame hapo nikilinde, nikifukuza kuku, mpaka Sista aje akiokote mwenyewe.

Tuliishi hivyo mwaka mmoja na nusu, na tungeendelea kuishi hivyo kama Mzee Salehe hangemleta Mzee Andongwisye.

Mzee Andongwisye alitoka Talatala. Mkewe alikuwa amefariki, wanawe wawili walikuwa Chunya wakichimba dhahabu, na moyo wake ulikuwa umechoka kiasi cha kuacha maji yajae miguuni. Aliyebaki Kyela ni mwanawe mkubwa, na huyo mwanawe mkubwa ndiye mume wa Sista Tulinagwe. Mzee Salehe alipogundua hivyo alimshangilia kama bwana harusi.

"Mzee wangu, bahati gani hii! Sista mwenyewe ni mke wa mwanao! Utatunzwa hapa kama yai."

Mzee Andongwisye alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kitanda chake kiko safi ila atalala na chui.

Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke na baba wa mumewe hawaonani. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke huingia migombani akageuza mgongo mpaka mzee apite. Hali chakula mbele yake, hamtaji jina, hampi kitu mkononi. Hakuna chuki hapo. Ni heshima, na ya Sista ilikuwa imekomaa: miaka kumi na tisa ya ndoa, na hakujua baba mkwe wake ana sura gani. Mzee Salehe asingeweza kulijua hilo, maana kwao baba mkwe hupakuliwa wali na kuulizwa kama mchuzi umekolea. Mzee Yakobo alijua vizuri, ila alikuwa amehubiri mara nyingi mno kwamba mila hizo zilizikwa kwa ubatizo, akaona haya kuzifukua. Hata mke wa mwana wa Mzee Yakobo mwenyewe, nasikia, huzunguka nyumba nzima asipishane naye mlangoni.

Mzee akapewa kitanda cha nne. Daktari aliandika: kidonge kimoja cheupe cha kupunguza maji mwilini, kila asubuhi.

Asubuhi ya kwanza Sista alikiweka kidonge kwenye kisosi, akakiacha kisosi kizingitini, akatoka nje akasimama kuelekea mashamba ya mpunga.

"Wa kitanda cha nne," akauambia mpunga, "dawa yake iko mlangoni."

Ndani, Mzee Andongwisye alikuwa amejifunika blanketi gubigubi. Kutoka kitandani hadi kizingitini zilikuwa hatua kumi na mbili. Miguu yake haikuweza hata mbili. Mimi nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwenye kisosi, na cheti.

"Sista, nimpe?"

"Sheria ya saba, Angetile."

"Basi mpe wewe."

"Gwe! Unataka nife kwa aibu mbele ya wazee wa watu?"

"Sasa kidonge kitembee chenyewe?"

"Nitampelekea mimi," ikasema sauti kutoka kitanda cha tatu.

Huyo alikuwa Mzee Eliud, aliyewapikia Wazungu wa mashamba ya chai kule Tukuyu kwa miaka thelathini. Macho yake yalikuwa na ukungu lakini miguu ilikuwa mizima. Hakuwa na cheti cha kitu chochote, kwa hiyo hakuna sheria iliyomtaja. Sista alishusha pumzi. Mzee Eliud akapapasa ukuta, akakiokota kisosi, akageuka nacho, akainama kwenye kitanda cha nne, akarudi.

"Amemeza?" Sista akauliza kutoka nje.

"Kimemezwa!" akajibu Mzee Eliud.

Ikawa hivyo siku kumi. Kila asubuhi kisosi kilirudi kitupu. Sista alitia alama kwenye daftari, na kwa kuwa hakuweza kutaja jina la mkwe wake hata kwa kalamu, aliandika "Nne".

Mimi ndiye niliyekuwa namwaga mikojo. Watu hudharau kazi hiyo, lakini ina elimu yake. Siku ya tano niliona kwamba kitanda cha tatu kinajaza ndoo kabla ya chai na nyingine baada ya chai, na kitanda cha nne hakijazi kikombe. Siku ya nane miguu ya Mzee Andongwisye ilikuwa imevimba hadi ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki pale likikutazama. Siku ya kumi alilala ameketi, kwa sababu akijinyoosha alitweta. Nilimwendea Mzee Eliud.

"Mzee Eliud, kile kidonge unampa mwenzako?"

"Kipi?"

"Cheupe. Cha kwenye kisosi."

"Aa, kile. Mwanangu, mimi ni mpishi. Mpishi huonja kabla ya mgeni. Ndivyo walivyonifundisha."

"Umeonja."

"Kila siku."

"Ukishakionja kidonge kimoja, kinabaki nini cha mgeni?"

Akafikiri kidogo. "Hakibaki kitu," akasema. "Hilo nimeliona. Vidonge havipikwi vya kutosha humu."

Kutoka chini ya blanketi la kitanda cha nne ilitoka sauti nyembamba: "Mimi nilidhani dawa yenyewe ni ya kunusa. Ananiinamia, ananusa, anaondoka."

Nilimweleza Sista. Akakaa kwenye ngazi, akajifunika uso kwa kanga, akalia kidogo. Alikuwa muuguzi mzuri, nisije nikaeleweka vibaya. Aliweza kumchoma sindano mtoto akiwa usingizini na mtoto asiamke. Siku hiyohiyo tulikwenda mjini dukani kwa Mzee Salehe, na tukamkuta na Mzee Yakobo akinywa chai.

Tulisubiri, maana Mzee Salehe alikuwa na mteja, mama mmoja kutoka Ngana aliyeshika kiuno. Mzee Salehe alitumbukiza mkono kwenye chupa kubwa iliyokaa kati ya chupa ya pipi na betri za redio, akatoa vidonge vya rangi mbili, akavifunga kwenye kipande cha gazeti.

"Kutwa mara tatu," akamwambia. "Ukiona nafuu, acha. Usipoona, njoo kuna vingine vyekundu."

Kisha akatugeukia, akatusikiliza, akatuambia kwamba dawa si kitu cha kuchezewa na kila mkono.

Nilifungua mdomo. Sista akanikanyaga.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi naomba hawa wasichana waruhusiwe. Wamesoma. Kama si wote, basi mmoja, na kama si kwa wote, basi kwa yule wa kitanda cha nne."

"Sista, leo nikiruhusu wasaidizi, kesho mpishi atataka kupasua watu. Aliyesajiliwa ni wewe."

"Ni mkwe wangu, Mzee Salehe."

"Ndiyo, na heri yake!"

Mzee Yakobo akaweka kikombe chini. "Mwanangu Tulinagwe, mila hizo zilizikwa kwa ubatizo."

"Zilizikwa, Mzee Yakobo. Lakini zilizikwa hai."

Mzee Salehe akacheka, akampigapiga Sista begani. "Kesho ingia, mpe, toka. Kama huwezi kumtazama, funga macho. Kama huwezi kumwelekea, ingia kinyumenyume. Dawa haijui uso wala mgongo."

Alikuwa akitania. Sista Tulinagwe alilelewa kumsikiliza mkubwa hata akitania.

Kesho yake saa mbili alifunga kanga moja kichwani na ya pili juu ya hiyo, mpaka akawa kama mzigo wa mitumba uliofika sasa hivi. Akashika kikombe chenye kidonge, akapeleka mkono nyuma, akaanza kuingia chumba cha wanaume kwa mgongo. Kazi yangu ilikuwa kumwelekeza kwa mdomo. Kumshika mkono sikuruhusiwa, maana mkono ulikuwa na kikombe, na kikombe kilikuwa na dawa.

"Nyuma, Sista. Nyuma. Kushoto kidogo."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwako. Hapana, kwa ulivyogeuka, kulia."

Kutoka kitanda cha nne, chini ya blanketi, ulitokeza mkono mmoja uliokonda, ukawa unapapasa hewani. Mkono wa Sista nao ulipapasa hewani. Mikono miwili ya watu wawili wasioonana ilitafutana katikati ya chumba mchana mweupe, na wazee kumi na mmoja wakashika kingo za vitanda vyao.

"Juu kidogo!" akapiga kelele mzee wa kitanda cha saba.

"Chini! Chini! Umempita!" akasema wa kitanda cha kumi.

"Mbona mnamchanganya?" akasema Mzee Eliud, ambaye hakuwa anaona chochote. "Mama, nyoosha tu, nyuma hatua moja ndefu."

Sista akapiga hatua moja ndefu nyuma, ikaingia kwenye ndoo ya Mzee Eliud, ambayo kwa sababu tunazozijua ilikuwa imejaa.

Sitasimulia mlio. Kidonge kiliruka hadi dirishani. Sista alilala chali na ndoo mguuni, kanga zote mbili bado usoni, na hakupiga yowe, kwa sababu mwanamke hapigi yowe mbele ya baba mkwe.

"Nani kaanguka?" akauliza Mzee Andongwisye chini ya blanketi.

Aliyeanguka hakuruhusiwa kusema naye.

"Mwambieni pole," akasema mzee, na akaanza kutweta. "Mwambieni mimi ndiye mwenye makosa. Mwambieni nitarudi Talatala nikafe huko, asiumie tena."

"Mwambieni asiende," Sista akasema kwa sauti ndogo, akiiambia dari.

Pikapu iliyokuwa ikipeleka kakao mjini ilimchukua. Kabla hajapakiwa alifungua ufunguo wa kabati la dawa kiunoni, akanishikisha.

"Sheria ya saba, Sista," nikamwambia.

"Usinichekeshe, Angetile. Mguu unauma."

Nilinawa mikono. Nilifungua kabati, nikatoa kidonge kingine, nikasoma kopo, nikasoma daftari, nikasoma kadi ya daktari. Mara tatu. Nikaenda kitanda cha nne, nikasimama mbele ya blanketi, nikamwamkia kwa Kinyakyusa.

"Mugonile, Tata. Mimi ni Angetile. Nimekuleteeni dawa."

Jicho moja likachungulia. "Wewe ni mke wa nani?"

"Sijaolewa."

"Una hakika?"

"Kabisa."

"Basi usije ukaolewa na wanangu walioko Chunya mpaka nimalize dozi." Akapokea kidonge, akameza, akanywa maji yote. "Ndaga fijo, mwanangu, asante sana."

Mchana aliomba ndoo mara tatu, na Felista alipoitoa nje ya tatu, wazee walimpigia makofi.

Sista alikaa nje ya kazi wiki sita. Kamati iliandika barua kuomba muuguzi mwingine aliyesajiliwa, na barua ile nadhani bado inatembea. Kwa wiki zote sita tulitoa dawa sisi watatu. Mmoja alishika kopo, mmoja alisoma jina, wa tatu alitazama koo likimeza, na tuliandika kila kitu, kwa majina kamili. Hatukukosea hata kidonge kimoja. Wiki ya pili mifupa ya vifundo vya Mzee Andongwisye ilijitokeza tena. Wiki ya nne alitembea hadi mlangoni. Aliyelalamika ni mmoja tu, Mzee Eliud, aliyesema chakula cha asubuhi kimepungua.

Kisha tukaitwa. Yaani niliitwa mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa na ufunguo.

Kamati ilikaa kwenye baraza la chumba cha wanaume saa nne asubuhi. Mzee Salehe katikati, Mzee Yakobo na mashine yake mezani. Mzee Andongwisye alisema hawezi kukosa, akatoka kwa miguu yake akaketi kwenye kigoda. Kwa hiyo Sista Tulinagwe, aliyerudi siku hiyo na plasta mguuni, ikabidi akae nyuma ya kona ya ukuta, tukawa tunauona mguu tu.

Mzee Yakobo akasoma barua aliyokwisha kuichapa kwa niaba yangu. "Mimi Angetile, muuguzi msaidizi, ninaomba radhi kwa kutoa dawa kinyume cha sheria ya saba, na ninaahidi kutorudia." Chini kulikuwa na mstari wa kutia sahihi.

"Imeandikwa vizuri," nikasema. "Aliyekufa ni nani?"

"Hakuna aliyekufa, mwanangu."

"Aliyepewa dawa isiyo yake?"

Mzee Salehe akakohoa. "Hayo siyo..."

"Yupo. Mzee Eliud, siku kumi, na sheria ya saba ikiwa nzima ukutani. Mbona yeye hajachapiwa barua?"

"Mimi nilionja tu!" ikaja sauti kutoka dirishani.

"Na yule mama wa Ngana," nikaendelea, maana lile nililonyamazishwa dukani lilikuwa bado limekaa ulimini, "aliyepewa rangi mbili kwa kiuno, alipewa na muuguzi yupi? Chupa yako, Mzee Salehe, imesajiliwa wapi? Mimi nimesoma mwaka mzima nijue kidonge kimoja kinakwenda wapi. Wewe umesoma wapi?"

Mzee Yakobo alijifanya anarekebisha utepe wa mashine. Mzee Salehe aliinamisha kichwa, na nilipodhani amekasirika, nikaona mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka.

"Huyu mtoto ana ulimi kama wembe wa kiwandani," akasema. "Haya. Tumezungumza kabla hujaja, na daktari tumemuuliza. Kuanzia mwezi ujao wauguzi wasaidizi wenye cheti watatoa vidonge, Sista akisimamia. Sindano hapana. Yakobo, soma."

Mzee Yakobo akasoma. Sheria ya saba ilikuwa mpya kabisa, na iliandikwa vizuri kuliko ya kwanza. Nyuma ya kona mguu wenye plasta ulipiga sakafu kwa furaha.

"Mwambieni mwenye mguu," akasema Mzee Andongwisye, "kwamba nimefurahi."

"Mwambieni hata mimi," kona ikajibu.

"Sasa," Mzee Salehe akaisogeza ile barua kwangu, pamoja na kalamu. "Tia sahihi, binti yangu, mambo yaishe. Sheria mpya ni ya mwezi ujao. Ulipotoa ilikuwa ya zamani. Hatuwezi kumwacha mtu avunje sheria halafu tuibadilishe bila hata kuombwa radhi. Kesho kila mtu atavunja."

"Na nisipotia?"

"Usipotia," akasema Mzee Yakobo, bila ukali, "kazi huna. Tumelipitisha hilo."

"Angetile," Sista akaita kutoka kwenye kona. "Tia tu. Ni karatasi. Nakuhitaji hapa."

Hilo liliniuma, kwa sababu alikuwa akisema kweli, na kwa sababu kazi yenyewe niliipenda, pamoja na ndoo zake. Niliichukua barua. Niliisoma mara tatu, kama nilivyofundishwa. Kisha nikaona ingekwenda wapi: kwenye faili. Na siku moja Felista, au msichana ambaye bado hajamaliza shule, atasimama mbele ya mzee anayetweta, sheria haijafika mahali pale bado, na mtu atamwambia, kumbuka, hata Angetile aliomba radhi. Atasita. Mzee hana muda wa mtu kusita.

Nikairudisha mezani, kalamu juu yake.

"Mzee Salehe, nakuheshimu. Sista, nakupenda, na ugua pole. Mzee Yakobo, sheria yako mpya ni nzuri, ibandikeni leo. Ila hii siitii sahihi."

"Basi sema kwa mdomo tu," Mzee Salehe akasema, karibu akinibembeleza. "Neno moja. Hata kwa Kinyakyusa."

"Sisemi."

"Niandike nini sasa kwenye kumbukumbu?" Mzee Yakobo akauliza, vidole vikiwa juu ya mashine. "Lazima niandike kitu."

"Andika nilichosema. Nilimpa mzee dawa yake, na siombi radhi."